Unga Mweusi wa Mawe ya Redio

Bwana Mungu, ninakushukuru wewe uliyeweka nguvu ndani ya udongo mweusi kabla hujaumba mkono wa kuuchimba, wala hukuwa na haraka ya kutueleza uliiweka kwa ajili gani. Umenipa miaka mingi kuliko niliyoomba, na masikio yangu bado yanasikia. Nisaidie nisimulie jambo hili kama lilivyokuwa, nisiongeze kitu ili nionekane, nisipunguze kitu ili nijifiche.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa darasa la nne hapa Bunia, katika mtaa wa Lumumba, na siku za Jumapili nilikuwa katekista. Shule yetu ilikuwa na mbao za kuandikia, lakini rangi yake haikupatikana dukani. Kwa hiyo tulifanya kama shule nyingine zilivyofanya. Kabla ya muhula kuanza, kila mwanafunzi alileta jiwe moja la redio lililokufa. Ndivyo tulivyoyaita, mawe ya redio, yale makopo madogo ya duara yanayotiwa mgongoni mwa redio ili iseme. Tuliyapasua kwa panga, tukatoa kijiti cheusi cha katikati, tukakung'uta unga mweusi uliokizunguka na kuutwanga katika kinu kibovu. Kisha tuliuchanganya na maji ya majani ya matembele yaliyopondwa, pamoja na uji kidogo wa muhogo ili ushike, tukaupaka ubaoni kwa kitambaa mara mbili au tatu. Ukikauka, chaki iliandika juu yake vizuri sana. Mikono yetu walimu ilibaki myeusi wiki nzima, na padri alikuwa akitutania kwamba siku hizo anawatambua walimu wote wanaokuja kupokea komunyo bila kuwatazama usoni.

Zaidi ya miaka kumi nilipaka unga ule, na sikujiuliza hata mara moja ni kitu gani.

Desturi nyingine ilikuwa ya nyumbani. Jiwe likichoka, mtu hakulitupa. Alilianika juani siku mbili tatu, na sauti ilirudi kidogo. Likichoka tena, alilianika tena. Ungepita mtaani mwetu ungeona mawe ya redio yamepangwa juu ya paa la jiko, karibu na mihogo. Mwaka ninaousimulia, mvua ilikuwa imeharibu barabara, magari yalilala kwenye matope majuma mazima, na maduka ya Bunia hayakuwa na jiwe hata moja. Redio za mtaa zilinyamaza, leo hii, kesho ile.

Mama yangu aliishi nasi. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza Tchomia, kando ya ziwa, akikausha samaki kwa moshi, na moshi ule mwishowe ulichukua macho yake. Miguu nayo ilivimba, hata kanisani hakuweza tena kwenda. Kilichobaki kwake yalikuwa masikio. Alimjua mgeni kwa hatua zake kabla hajabisha, na alijua maji yamechemka kabla ya mke wangu kujua.

Mzaliwa wake wa mwisho, ndugu yangu mdogo, alikuwa seminarini kwa miaka mingi. Ikafika barua kwamba atapewa upadri Kisangani, yeye na wenzake sita, siku ya Jumapili saa nne asubuhi, na kwamba misa itasikika redioni. Ndege ndogo ya misheni ilikuwa na nafasi chache. Mapadri wetu walikwenda, wakafunga nyumba ya parokia, na kaka yetu mkubwa alikwenda kwa niaba ya ukoo. Mimi nilibaki na mama na darasa langu.

Mama aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama siku hiyo mwanawe atasema kitu kwa sauti yake mwenyewe. Nilimweleza kwamba baada ya Injili kila mmoja anaitwa kwa jina lake, naye anasimama na kujibu, "Niko hapa."

"Basi," alisema mama, "ile neno moja tu itanitosha."

Tangu siku hiyo hakuomba kingine. Nami nilikuwa na mawe manne makubwa yaliyokuwa bado na uhai. Niliyatoa redioni majuma matatu kabla, nikakataza mtu yeyote kuyagusa, nikachora msalaba kwa msumari kwenye kitako cha kila moja, na mke wangu akawa anayaanika kwenye ungo juu ya paa la jiko. Yale yaliyokufa, ya wanafunzi, yalikuwa barazani katika kikapu.

Alhamisi ya juma la misa ile, mvua ilikuja ghafla. Mke wangu alikuwa anatoka kwenda kumpokea mtu aliyemletea viazi kutoka Bule. Alinyakua ungo, akamimina mawe yetu manne katika kikapu kile kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akikusudia kuniambia akirudi. Akarudi na viazi, na habari za Bule, na magonjwa ya watu wa Bule, na la mawe likasahauliwa.

Ijumaa alasiri nilibeba kikapu hadi shuleni. Mimi na mwalimu mwenzangu tuliyapasua yote, tukatwanga, tukapaka. Nilipokuwa ninafagia vipande, niliona kitako kimoja chenye msalaba. Nilipiga magoti nikaanza kutafuta. Nikapata cha pili, na cha tatu. Cha nne kilikuwa chini ya kiatu changu. Nilikaa sakafuni mbele ya ubao uliokuwa bado mbichi, uking'aa kwa weusi wake, na nilijua kwamba sauti ya ndugu yangu nimeipaka pale.

Nilimwambia mama jioni ile ile, kabla ya kula. Mke wangu alidakia kwamba kosa ni lake, nami nikasema msumari nilishika mimi na panga nilishika mimi, ilinipasa kutazama. Mama alisema, "Mutoto wangu, kesho iko siku nzima." Akaomba chakula.

Jumamosi asubuhi nilizunguka mtaa. Redio mbili nilizoonyeshwa zilikuwa zinavuma tu kama nyuki. Jirani mwenye lori alisema lori lake limekwama njiani, na betri yake nayo iko huko huko. Masista wa lise, shule ya sekondari ya wasichana, hawakuwa na mafuta ya jenereta tangu mwezi uliopita. Niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wa mke wangu, aliyekuwa akifundisha kemia kwenye lise ile ile. Dada yake alikuwa ameshamwambia yote. Kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutania hata kwenye msiba, naye hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ilale.

"Shemeji," aliniambia, "weye iko mutu wa kwanza mu Bunia kupaka redio ku ubao. Umeshajaribu kuipiga makofi? Pengine itaimba."

Sikuwa na moyo wa kucheka. Aliona hivyo, akabadilisha uso, akaniuliza kama unga wote ulipakwa. Nilimletea kopo lililobaki. Alichovya kidole, akausugua kati ya vidole viwili, akaanza kunieleza, polepole kama anavyoeleza wasichana wake. Unga huu, alisema, una makaa ndani yake, lakini mwenye kazi ni oksidi ya manganisi, udongo unaochimbwa hata hapa nchini mwetu, kusini, katika mkoa wa Shaba. Kopo la nje ni zinki. Zinki inatoa, unga mweusi unapokea, na safari ya kutoka huku kwenda kule ndiyo inayoisemesha redio. Jua haliongezi kitu ndani ya jiwe, linasaidia tu kile kilichokwama kijongee. Na jiwe likifa, mara nyingi ni zinki iliyoliwa ikatoboka, lakini ule unga mweusi bado una nafasi ya kupokea.

Nilimwomba arudie maneno ya mwisho. Akarudia. Miaka yote ile nilikuwa nimetundika mbele ya watoto kitu nilichokihesabu kuwa maiti, nikiandika juu yake majina ya mito na hesabu za kugawanya, kumbe kilikuwa hai, kinangoja kupewa.

"Kupewa na nani, sasa?" nilimwuliza. "Zinki yote nimeikata."

Alikaa akifikiri, akamtazama mama aliyekuwa ameketi mlangoni na mikono yake mapajani. Kisha alisema kwamba kabatini mwa lise kuna utepe wa magnesiamu, wa mwisho, ulioletwa na sista mmoja zamani. Kila mwaka alikuwa akichoma kipande cha urefu wa kidole mbele ya darasa, kikawaka mwanga mweupe hadi wasichana wakafunika macho. Urefu uliobaki ulikuwa kama mkono mmoja, kutoka begani hadi vidoleni. Magnesiamu, alisema, inatoa kwa nguvu kuliko zinki. Nilimwuliza wasichana wake wataona nini mwaka ujao. Akajibu kwamba atawasimulia.

Redio yetu ilitaka mawe manne, kwa hiyo tulihitaji vikombe vinne. Unga wa kopo ulitosha kimoja na nusu. Wote wawili tulijua uliobaki uko wapi, naye alichukua kijiko na kisu akanitangulia kwenda shuleni.

Sijawahi kufanya kazi ya ajabu kama kukwangua ubao nilioupaka jana yake. Tulikwangua kuanzia katikati, unga ukidondoka juu ya gazeti, mwalimu mwenzangu akichungulia dirishani akidhani nimepotewa na akili. Nyumbani tuliuosha kwa maji mara kadhaa ili uachane na uji na majani, tukauacha utuame. Maji yaliyomwagwa yalikuwa ya kijani. Shemeji aliyaonyesha kwa kidole, akaniambia kwamba ule ukijani wa kila jani, wa matembele, wa nyasi, wa mgomba, ndani yake mna magnesiamu kidogo, na bila hiyo jani haliwezi kula mwanga wa jua.

Niliacha kumwaga. Kumbe vyote viwili nilikuwa navyo siku zote kwenye ubao mmoja, kinachotoa na kinachopokea, vimelala pamoja, na mimi nimesimama mbele yake na chaki ninawafundisha watoto. Nimesoma Maandiko tangu ujana wangu, na nimeeleza uumbaji kwa wakatekumeni wengi, lakini siku ile, nikiwa na sufuria ya maji machafu mkononi, ndipo nilipoogopa kwa furaha mbele ya Mungu.

Mke wangu alishona vifuko vinne vya kitambaa. Shemeji alijaza unga mbichi katika kila kifuko, akasimamisha katikati yake kile kijiti cheusi tulichokitoa kwenye jiwe, akaweka kila kifuko katika kikombe cha chai chenye maji ya chumvi. Kisha alikata utepe vipande vinne, akauzungusha kuzunguka vifuko. Povu dogo lilianza kupanda. Akaunga nyaya kutoka kikombe hadi kikombe, na mwisho hadi mgongoni mwa redio.

Redio ikasema. Mtu mmoja, sijui wa mji gani, alikuwa anatangaza bei ya kahawa, na sauti yake ilikuwa safi kabisa. Mama aligeuza kichwa. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi. Majirani wakaingia, ukafuata wimbo, na mimi, badala ya kufunga, nilisimama pale kama mtoto, nikiangalia chumvi na utepe na udongo wa ubao wangu vikiimba. Shemeji ndiye aliyeinua utepe kutoka majini.

"Unataka kumaliza misa leo?" aliniuliza. Alinionyesha: utepe ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba, sehemu nyingine kama uzi. Alikadiria kwamba umebaki na muda usiofika nusu saa. Misa ya askofu yenye mapadri wapya saba huchukua muda wa saa tatu nzima. Hakuna ajuaye ni dakika gani ndugu yangu ataitwa, alisema, na tukikosea hatuna utepe mwingine.

Nilimwambia kwamba hilo aniachie mimi. Kemia ni yake, lakini misa ni yangu.

Jumapili saa nne tulikuwa wote chumbani kwa mama. Shemeji alichovya utepe mara moja, tukasikia ngoma na wimbo wa maandamano, akauinua mara hiyo hiyo. Kuanzia hapo niliongoza sala zile zile za misa, neno kwa neno, kwa mwendo wa askofu mzee, ili nijue Kisangani wamefika wapi. Niliacha nafasi ya kufukiza ubani. Niliacha nafasi ya watu kuketi na ya watoto kulia. Wimbo wa Utukufu tuliuimba wote hadi mwisho, majirani wakituitikia kutoka uani. Somo la kwanza nilisoma polepole, zaburi tukajibu, somo la pili, Aleluya kwa kurudia, maana nilijua Kisangani wasingeimba mara moja. Shemeji alikuwa ameshika vipande vinne vya utepe juu ya vikombe. Nilisoma Injili. Nilipofunga kitabu nikampa ishara.

Redio ikavuma, ikakohoa, kisha tukasikia sauti ya shemasi akisoma mistari ya mwisho ya Injili ile ile. Nilikuwa mbele ya Kisangani kwa mistari michache tu. Mke wangu alifanya ishara ya msalaba.

Wakaanza kuitwa. Wa kwanza akajibu, na wa pili. Kati ya jina na jina kulikuwa na ukimya mrefu wa mtu anayesimama na kutembea, na kila ukimya ulikula utepe wetu. Wa tatu alijibu kwa mbali, kama aliye ng'ambo ya mto. Mama alisogea hadi sikio lake likagusa kitambaa cha redio. Wa nne hatukumsikia vizuri. Kisha utepe wa kikombe cha tatu ulikatika usawa wa maji, na redio ikanyamaza kabisa.

Shemeji aliingiza vidole katika kikombe, akatafuta kipande kilichobaki, akakibana pamoja na waya kwa kucha zake. Redio ikarudi, ndogo sana. Tulisikia jina la ukoo wetu. Tulisikia benchi likisogezwa. Kisha sauti niliyoijua tangu haijavunjika utotoni ilisema, "Niko hapa."

"Na mimi niko hapa," mama alijibu.

Jina la sita lilianza kutajwa, likaisha katikati. Hakuna aliyesogea. Mama alibaki ameinamisha kichwa juu ya redio iliyokufa, midomo ikicheza, na tulimwacha. Baadaye alisema kwamba mwanawe ana mafua kidogo, na kwamba amejibu bila haraka, kama baba yake. Kisha akauliza kama ni kweli vikombe vyote vya nyumba vimejaa udongo. Tukakiri.

"Sasa chai yangu mutaitia mu nini?" alisema, na hapo ndipo shemeji alipoanza kulia na kucheka pamoja.

Mwezi mmoja baadaye barabara ilikauka na lori la jirani likafika. Shemeji aliomba betri yake kwa siku moja. Alitaka kujua kama safari ile inaweza kurudishwa, magnesiamu iliyokwisha kutoka irudi kwenye utepe wake, kama betri ya gari inavyojazwa tena. Aliunga nyaya kinyume, tukakaa mbele ya kikombe mchana mzima. Mapovu yalipanda, ukungu mweupe kama maziwa ukatuama chini, na utepe haukunenepa hata kidogo. Alinieleza kwamba magnesiamu inatembea na mizigo miwili ya umeme pale ambapo metali kama sodiamu ina mmoja, kwa hiyo inaingia kwa shida katika vyumba vya ule unga mweusi, na ikiingia haitaki kutoka. Tena ndani ya maji inajivika shuka jeupe na kujifungia. Atakayepata njia ya kuifanya iende na kurudi, alisema, atakuwa na jiwe lisilokufa upesi. Alijaribu tena likizo nyingi, kwa chumvi za aina nyingine na kwa siki, na kila mara alinionyesha kikombe akitikisa kichwa.

Siku hizi nimesikia kwamba watu wenye elimu kubwa, katika nchi za mbali, bado wanaitafuta njia hiyo, kwa magnesiamu ile ile na oksidi ile ile ya manganisi. Ninawaombea. Mungu alitupatia njia ya kwenda bure, kwa vikombe vya chai, na njia ya kurudi ameificha mahali ambapo mtu hafiki bila kupiga magoti mara nyingi.

Ubao wangu ulibaki na baka la kijivu katikati hadi muhula ulipoisha. Jumatatu ile wanafunzi waliniuliza ni nini kilichoukwangua. Niliwaeleza yote, na nadhani halikuwa somo baya.

Ndugu yangu alikuja nyumbani baada ya miezi miwili. Alisoma misa kando ya kitanda cha mama, kwenye meza ile ile iliyokuwa imebeba vikombe. Baada ya baraka alimshika mkono, akamwambia anasikitika kwamba siku yake kubwa mama hakuweza kufika.

"Nilikuwako," mama alimwambia. "Uliitwa wa tano."

Wewe unayesoma, Mungu akulinde pamoja na wote wa nyumba yako. Aamshe kwa wakati wake nguvu aliyoilaza ndani yako, hata kama watu wameihesabu imekufa. Akupe wa kukutilia chumvi na wa kukushikia waya. Na siku jina lako litakapotajwa, uwe na sauti ya kujibu, na awepo anayekupenda wa kuisikia. Amina.